Bitana Inachungulia, Mshikio Umemezwa: Kutafuta Chanzo cha Kasoro za Mfuko wa Kitambaa

Mfuko wenye bitana ni mifuko miwili, kila mmoja umeshonwa peke yake, kisha ikaunganishwa mdomoni. Ule wa nje, uso wake ukiwa nje, hutumbukizwa ndani ya ule wa bitana ambao bado umegeuzwa ndani-nje. Mishikio hulala katikati yao, mdomo ukashonwa mzunguko mzima, halafu kila kitu kikavutwa kupitia tundu lililoachwa kwenye kitako cha bitana. Hapo ndipo mambo yanapojitokeza: bitana inachungulia, mshikio mmoja hauonekani, kitako kimepanda juu kama kuna mkono unakivuta kutoka ndani.

Kabla ya lolote, kama umeshona mfuko na una wasiwasi nao, usizibe tundu la kugeuzia. Tundu hilo ndilo mlango wa kurekebishia. Likiwa wazi, unaweza kuurudisha mfuko ndani-nje, ukafikia karibu kila mshono na kufumua kile tu kinachohitaji kufumuliwa. Ukishaliziba na kupitisha mshono wa juu mdomoni, yaani ule unaoonekana nje kando ya ukingo, kasoro ya dakika kumi inageuka kazi ya jioni nzima.

Katika maelezo haya, uso ni upande mzuri wa kitambaa, mgongo ni upande wa pili. Akiba ya mshono ni ule ukingo unaobaki nje ya mstari wa mshono. Kwa mifuko mimi hutumia sentimita 1.

Bitana imejaa tele ndani, na inatoka kila unapotoa kitu

Weka mkono ndani ya mfuko uliokwisha kugeuzwa, usukume bitana hadi kitakoni. Ikiwa inafika chini na bado kuna kitambaa kinachojikunja mkononi, bitana ni ndefu au pana kuliko mfuko wa nje. Chanzo cha kawaida ni kwamba vipande vyote vinne vilikatwa kwa kipimo kimoja na kushonwa kwa akiba moja. Kwenye karatasi inaonekana sawa. Lakini bitana inakaa ndani ya kitu chenye unene, na nafasi ya ndani daima ni ndogo kidogo kuliko umbo la nje. Kitambaa cha nje kikiwa cha turubai au jinzi, na kikiwa kimebandikwa gamu (kitambaa chenye gundi cha kukazia), tofauti hiyo unaiona kwa macho.

Dawa ya mapema ni kushona pande za bitana kwa akiba ya sentimita 1.3 badala ya 1, na kuipunguza bitana kina kwa nusu sentimita hivi. Lakini usianze na 1.3 tangu mdomoni. Milimita 3 kwa kila mshono wa pembeni zinaondoa milimita 6 katika upana wa kila kipande, yaani milimita 12 katika mzunguko mzima, na hapo mdomo wa bitana hautatosha tena kwenye mdomo wa nje. Anza na sentimita 1 pale juu, uteremke taratibu hadi 1.3 ndani ya sentimita 5 au 6 za kwanza.

Kama mfuko umeshaunganishwa, urudishe ndani-nje kupitia tundu. Ikiwa kitako hakina pembe za kusimamia, yaani mfuko ni bapa, shona mstari mpya juu kidogo ya mshono wa chini wa bitana, ukiacha tundu pale pale. Ikiwa kitako kina pembe, usihangaike kufumua pembe zote. Kunja bitana mzunguko mzima, uso ukitazamana na uso ndani ya mkunjo, sentimita chache juu ya kitako, kisha shona milimita 5 kutoka kwenye mkunjo. Umeondoa sentimita 1 ya kina bila kugusa umbo la chini, na mstari huo mwembamba hakuna atakayeuona isipokuwa wewe.

Bitana ikiwa pana kupita kiasi, hapo hakuna njia ya mkato: fumua pembe, shona pande upya, rudisha pembe.

Kitako kimevutwa juu, mfuko wa nje umejaa mikunjo

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza, na ni mbaya zaidi kwa sababu kitambaa hakiongezeki. Bitana ni fupi, kwa hiyo inauvuta mfuko wa nje kuelekea mdomoni. Ukiweka kitu kizito ndani, uzito wote unabebwa na bitana, na baada ya muda mishono yake inaachia.

Kabla ya kulaumu urefu, kagua pembe za kitako. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko lingine lolote kwenye mifuko ya watu wanaojifunza liko hapa, na si la cherehani wala la mkono, ni la hesabu.

Tuseme maelekezo yanataka uchore mraba wa sentimita 5 kwenye kila pembe ya chini, na pembe ishonwe juu ya mistari yake. Ukipima mraba huo kutoka ukingo wa kitambaa, akiba ya sentimita 1 imo ndani yake. Baada ya kushona pembeni na chini, kila upande unabaki na sentimita 4, na pembe ikifunguliwa na kushonwa inatoa kitako chenye upana wa sentimita 8. Lakini ukishona kwanza, kisha ukapima mraba wa sentimita 5 kutoka kwenye mstari wa mshono, kitako kinatoka na upana wa sentimita 10. Njia zote mbili ni halali. Tatizo ni kutumia moja kwenye mfuko wa nje na nyingine kwenye bitana. Sentimita 2 za tofauti kitakoni zinabadilisha kina pia, maana kitako kikipanuka, kuta zinafupika. Bitana yenye kitako cha 10 ndani ya mfuko wenye kitako cha 8 itakuwa pana chini na fupi juu kwa wakati mmoja, na mtu atakaa akijiuliza inawezekanaje.

Kwa hiyo pima upana wa kitako kwa futi, wa nje na wa ndani. Ukikuta bitana ndiyo yenye kitako kipana, una bahati: fumua mishono miwili ya pembe za bitana na uishone upya karibu zaidi na ncha, kama bado hujakata kitambaa kilichozidi. Kuta zitarefuka zenyewe. Ndiyo maana nasihi usikate ncha za pembe kabla ya kuhakikisha mifuko miwili inalingana.

Ikiwa pembe ziko sawa na bitana ni fupi kweli, unaweza kufumua mshono wa chini na kuurudisha ukingoni kwa milimita chache, au kuuongezea ukanda wa kitambaa hicho hicho kitakoni. Ukanda unakaa mahali penye giza, chini ya vitu. Hauna aibu yoyote.

Midomo miwili haikutani

Umebana mishono ya pembeni ya nje na ya bitana ikagusana, ukaanza kubana katikati, na upande mmoja una tumbo. Usiendelee kushona ukitumaini litaisha. Laza kila mfuko bapa mezani, pima upana wa mdomo, linganisha.

Tofauti ya milimita 2 au 3 katika upana uliolazwa inavumilika. Weka mfuko wenye mdomo mkubwa upande wa chini, ugusane na meno ya cherehani. Meno yanavuta kitambaa cha chini kwa kasi kidogo kuliko mguu unavyoachia cha juu, hivyo ziada inamezwa polepole bila mkunjo. Tofauti ikizidi hapo, shona upya mishono ya pembeni ya ule mkubwa, kuanzia mdomoni kwenda chini kwa mstari unaolala taratibu.

Sababu ya tofauti hii, nje ya ile akiba ya 1.3 niliyoitaja, mara nyingi ni kitambaa kizito kutosogea sawa na chepesi. Mshonaji anashona bitana nyembamba kwa urahisi, akiba inakaa kwenye 1 kamili; akifika kwenye turubai, unene unasukuma mguu, na akiba inakuwa 0.8 bila yeye kujua. Bandika kipande cha utepe wa karatasi kwenye bamba la cherehani, sentimita 1 kutoka sindano, ukingo wa kitambaa ufuate hapo.

Bitana inachungulia mdomoni

Vipimo vyote viko sawa, lakini kuna mstari wa bitana unaoonekana nje kuzunguka mdomo. Hii ni kasoro ya pasi, wala si ya vipimo. Mshono wa mdomo haukupigwa pasi kabla ya mshono wa juu kupita, au ulipigwa harakaharaka ukajiviringisha upande usiotakiwa.

Fumua mshono wa juu kama upo. Viringisha mdomo kwa vidole, ukiusukuma mfuko wa nje uvuke kilele kidogo na kuingia ndani, milimita 1 inatosha, ili mstari wa mshono ulale ndani kidogo ya mdomo badala ya juu yake. Bana kwa pini zilizokaribiana, piga pasi sehemu kwa sehemu, acha ipoe ikiwa imebanwa. Kisha pitisha mshono wa juu milimita 3 au 4 kutoka ukingoni, hatua ya sindano ikiwa milimita 3 au zaidi kidogo.

Kwa bitana inayoteleza, kama ile ya poliesta, hilo pekee halitoshi. Kabla ya mshono wa juu, lalisha akiba yote ya mdomo upande wa bitana na uishonee hapo, milimita 2 kutoka mstari wa mshono, ukisukuma mishikio upande wa nje isiingie njiani. Mshono huu hauonekani nje kabisa, na ndio unaoizuia bitana isipande. Poliesta pia haipendi joto; punguza pasi, jaribu kwenye kipande kwanza.

Mishikio

Mshikio umepotea. Ukipapasa unausikia kati ya nje na bitana, umelala kule ndani. Uliubana ukielekea upande usio wake. Kabla ya kushona mdomo, mishikio inatakiwa ining'inie kuelekea kitakoni juu ya uso wa mfuko wa nje, ncha zake zikitokeza juu ya mdomo. Mantiki ya kichwa inakataa, kwa sababu mfuko uliomalizika una mishikio inayoelekea juu, na mkono unafuata kichwa. Tiba: fumua mdomo sentimita 3 kila upande wa ncha, vuta, geuza, shona tena. Huhitaji kufumua mdomo mzima.

Mshikio umejisokota. Ncha moja iligeuzwa. Kabla ya kubana ncha ya pili, pitisha vidole viwili kutoka mwanzo hadi mwisho wa mshikio. Vidole havidanganyi kama macho.

Mishikio ya mbele na nyuma haikai sawa. Ulipima kutoka pembeni. Mishono ya pembeni haiko sawa kila mara, lakini katikati unaweza kuipata kwa kukunja. Weka alama katikati ya mdomo, pima kutoka hapo kwenda kulia na kushoto. Kwa mfuko wa upana wa sentimita 36, sentimita 7 kila upande wa katikati zinafaa.

Mshikio umeng'oka. Hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu mfuko unaong'oka mshikio njiani unamwaga kila kilichomo. Angalia palipoachia. Ukikuta uzi umekatika lakini kitambaa ni kizima, mshono ulipita mara moja tu: ncha za mishikio zinahitaji kupitiwa mara tatu, kwenda na kurudi, ndani ya akiba. Ukikuta kitambaa chenyewe kimechanika, uzito ulibebwa na mstari mmoja mfupi. Hapo dawa ni kuacha ncha ndefu. Zitokeze sentimita 4 juu ya ukingo wa mdomo wakati wa kushona. Mfuko ukigeuzwa, ncha hizo zinashuka kati ya nje na bitana. Baada ya mshono wa juu, shona mraba wa sentimita 2.5 chini ya mdomo pale ncha ilipo, na mistari miwili inayokatizana ndani yake. Sasa uzito unagawanyika kwenye eneo zima. Kwa kitambaa cha nje kilicho chepesi, weka pia kiraka cha turubai nyuma ya mraba huo. Kiraka kikishaingia, sijawahi kuona mshikio ukirudi kwa fundi.

Cherehani inagoma kwenye unene

Mahali pa mshikio, sindano inapenya tabaka nne za mshikio uliokunjwa, moja ya nje, moja ya bitana, na gamu juu yake. Mashine ya nyumbani inaweza, ikisaidiwa.

Uzi unajifunga mafundo chini ya kitambaa: karibu kila mtu anakimbilia bobini, lakini fundo la chini linatokana na uzi wa juu. Haukuingia katikati ya visahani vinavyoukaza. Inua mguu, toa uzi wote, utie upya mguu ukiwa juu, kwa sababu mguu ukishuka visahani vinajifunga na uzi unabaki ukielea. Kinyume chake, ukiona uzi wa bobini umevutwa ukaonekana juu, legeza uzi wa juu kidogo kidogo huku ukijaribu kwenye mabaki yenye unene uleule.

Mashine inaruka hatua: sindano ni butu, imepinda, au ni nyembamba mno. Namba 80 inafaa bitana ya pamba, 90 kitambaa cha kati, 100 kwa jinzi na turubai, na 110 pale unapoona hata 100 inayumba. Mimi hubadilisha sindano kila nikianza mfuko wa kitambaa kizito, hata kama ya zamani inaonekana nzima.

Mguu unainuka mbele na mashine inashona palepale bila kusogea: hakuna kilichovunjika. Mguu umeegama kwenye ngazi ya kitambaa, nyuma hauna cha kukanyagia. Kunja kipande cha kitambaa hadi kifikie unene ule, kiweke chini ya sehemu ya nyuma ya mguu, ukae bapa. Vuka kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Ukikanyaga kwa nguvu hapo utavunja sindano, na ncha ya chuma kuruka karibu na macho si jambo la kuchezea.

Na unene wenyewe unaweza kupungua. Kata gamu isiingie kwenye akiba ya mshono. Punguza akiba za mdomo kwa ngazi, moja fupi kuliko nyingine. Kwenye mishono ya pembeni, lalisha akiba ya nje upande mmoja na ya bitana upande wa pili, zisilundikane.

Mfuko umejipinda

Ukiusimamisha, mshono wa pembeni unapanda kwa kuzunguka badala ya kushuka wima. Huenda ulishona upande mmoja kutoka juu kwenda chini na mwingine kutoka chini kwenda juu. Kila mara tabaka la juu linasukumwa kidogo, na misukumo hiyo imekutana kinyume. Shona pande zote mbili kuanzia kitakoni. Hii inarekebishika kwa kufumua mshono mmoja.

Lakini ikiwa kitambaa kilikatwa bila kufuata uelekeo wa nyuzi, mfuko utaendelea kujipinda hata ukiufumua mara tano. Angalia nyuzi za kitambaa kando ya mshono: zikikimbia sambamba nao, ni mshono, zikiukatiza kwa ulalo, ni ukataji. Kwa ukataji hakuna tiba nyingine ila kukata upya, na ni afadhali kujua mapema kuliko kupoteza siku.

Gamu imefura mapovu

Ulipiga pasi kwa kuiburuta. Gamu inataka kukandamizwa: weka pasi, hesabu sekunde 10 hadi 15, inua, sogeza, kandamiza tena, uiache ipoe kabisa kabla ya kuigusa. Upande wenye vidoti vya gundi ndio unaogusa mgongo wa kitambaa. Mapovu yaliyotokea baada ya kufua yana chanzo kingine: kitambaa kilisinyaa, gamu haikusinyaa. Hayo hayaondoki vizuri. Kwa mfuko unaofuata, fua na upige pasi kitambaa cha pamba kabla ya kukikata. Kama unataka kujua kitasinyaa kiasi gani, kata mraba wa sentimita 20, ufue, upime tena.

Madogo madogo

Tundu la kugeuzia limechanika pembeni: hukurudisha mshono nyuma kwenye ncha zake, au ni dogo mno. Sentimita 12 zinatosha kwa vitambaa vyepesi. Turubai inataka 15. Kitundu kidogo kimebaki kwenye pembe ya kitako: mishono mitatu haikukutana pale, rudia pembe hiyo pekee, milimita 2 ndani zaidi. Mfuko mdogo wa ndani umekaa kichwa chini: fumua sasa, tundu likiwa wazi, kwa sababu hutauzoea.

Kabla ya kuziba tundu, tia ndani vitu vyenye uzito kama utakaobeba, inua mfuko kwa mishikio yote, uuache uning'inie dakika chache. Tazama kitako, mdomo, miraba ya mishikio. Vikitulia, toa vitu, vuta kitako cha bitana nje, kunja kingo za tundu kwa ndani, uzipige pasi, uzishone milimita 2 kutoka ukingoni kwa mashine, au kwa mkono kwa mshono wa kuficha ukipenda usionekane, kisha uirudishe bitana ndani na kuisukuma hadi pembe zake zikae kwenye pembe za mfuko.